Upande wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na daftari hili limeanza leo. Amenipa yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Anasema tangu kiharusi kinipige mwezi wa nane mwaka jana, akili yangu nayo inadai mazoezi kama mguu unavyodai, kwa hiyo niandike kila siku, hata mstari mmoja. Nikamwambia mimi ni dereva, si karani. Akasema, "Basi andika kidereva, baba. Umetoka wapi, umefika wapi."

Nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Mtaa mzima unaniita Dereva, na mke wangu naye ananiita hivyo. Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto. Mkono umerudi kiasi cha kushika kikombe, lakini mguu bado nauburura. Na mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi. Miezi saba sasa nimekuwa mtu wa kubebwa kwenye teksi kama mzigo wa viazi.

Leo binti yetu, kitindamimba, ametuletea gari lake. Amehamishwa kazi kwenda mji wa mbali na huko atapewa gari la ofisi. Ni gari dogo la familia, la kijivu, otomatiki.

"Baba, hili halina klachi," akasema. "Mguu wa kulia peke yake unatosha."

Nikamjibu kwamba gari lisilo na klachi ni kitanda chenye magurudumu. Akacheka. Mke wangu hakucheka. Aliuliza tu, "Daktari ameruhusu?"

Nikasema ameruhusu. Alichosema daktari ni kwamba nirudi kupimwa kwanza, ndipo aamue. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeendesha.

Nimetoka nyumbani, nimefika kituo cha mafuta, nimerudi. Mke wangu alikaa pembeni yangu ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Kwanza niandike jinsi kitu hiki kinavyokwenda. Unakanyaga breki, unavuta mkono wa gia kutoka P hadi D, unaachia breki. Hujagusa mafuta, na gari limeshaanza kutambaa lenyewe, polepole, kama mtoto anayejua njia ya jikoni. Gari la gia halifanyi hivyo. Gari la gia hukusubiri wewe.

Tulipokolea mwendo, mguu wangu wa kushoto ukakumbuka kazi yake ya zamani. Ukaruka kutafuta klachi, ukakuta breki, maana breki ya otomatiki ni pana kama sahani. Gari likasimama papo hapo. Mke wangu nusura abusu kioo.

"Dereva!"

"Si mimi, ni mguu."

"Basi ukunje huo mguu uuweke chini ya kiti."

Nikaukunja. Baada ya hapo nikaisikiliza giaboksi. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili kuna kijisukumo kidogo mgongoni, kama mtu anayekugusa bega kwenye foleni ili usogee. Ya pili kwenda ya tatu ni laini zaidi. Ya nne huwezi kuihisi kabisa, unasikia tu injini imeshusha sauti. Nilikuwa nasikiliza ili nikamate kosa. Sikulipata. Ukweli ni kwamba niliumia kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimempeleka mke wangu kliniki ya shinikizo la damu, kupitia kile kilima cha makaburini. Hapo ndipo giaboksi imeonyesha ujinga wake. Katikati ya mlima imeshindwa kuamua: ya tatu, ya pili, ya tatu, ya pili, injini inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Mimi ningeshaweka gia ya pili tangu chini, kwa kuwa nauona mlima. Giaboksi haioni. Inangoja mpaka mlima uiumize ndipo ibadilishe.

Nimemweleza mke wangu haya yote. Akasema, "Lakini tumefika."

Ijumaa, 15 Machi

Nguzo ya geti imekwaruza mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Kosa ni la huko kutambaa. Nimeachia breki nikidhani gari litasimama kama magari yenye adabu, likanivuta pembeni. Nimepaka rangi ya kucha ya mke wangu juu ya mkwaruzo. Rangi ni nyekundu. Sasa gari linaonekana limeng'atwa.

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu ana tabia mpya. Nikila, ananyoosha mkono, anaizungusha sahani yangu nusu mzunguko, kisha anaendelea na mambo yake. Na kweli nakuta pale kuna wali mwingine na mboga. Nimemuuliza kwa nini anapakua kwa mafungu. Ameniangalia muda mrefu, halafu akasema, "Kula, baba."

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Barabara ya chini imejaa maji.

Alhamisi, 21 Machi

Nimegonga pipa la maji la jirani. Kushoto tena. Safari hii lawama si ya kutambaa. Nilikanyaga mafuta nipite kidimbwi, giaboksi ikanyamaza kidogo kama inafikiri, halafu ikashuka gia ghafla, gari likachupa. Kioo cha pembeni cha kushoto kimening'inia kwa waya wake. Jirani ni muungwana, amesema pipa lilikuwa la zamani. Lilikuwa jipya.

Kwenye lori mkono wangu ndio uliokuwa ukiamua. Nikikosea, nimekosea mimi. Hapa kuna mtu mwingine ndani ya gari anayeamua, na simwoni uso.

Jumanne, 26 Machi

Fundi amekuja. Huyu tunamwita Sikio, kwa sababu huegemeza bisibisi kwenye injini, huweka sikio kwenye mpini wake, na kukwambia gari linaumwa wapi. Tunafahamiana tangu enzi za malori, aliwahi kunifungulia giaboksi porini kwa siku mbili.

Amechomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifuta kwa karatasi nyeupe, akanionyesha. "Tazama, kaka. Mekundu, safi, hayana harufu ya kuungua. Giaboksi mgonjwa mafuta yake huwa meusi na yananuka kama mkate uliosahauliwa motoni."

"Inachupa," nikamwambia.

"Zote zinachupa ukizikanyaga kwa ghafla. Ibembeleze."

Amerudisha kioo mahali pake. Alipokuwa anaondoka alizunguka gari taratibu, akasimama upande wa kushoto akiangalia ile rangi ya kucha pale mlangoni, kisha bampa. Kisha akaniaga tu. Sikujua kama bampa nalo lina alama.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mkono umeuma. Sikutoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi. Dada wa mazoezi alisema andika umetoka wapi, umefika wapi. Nimetoka sokoni na mke wangu, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Nimefika getini kwangu.

Geti letu lina mbawa mbili. Mke wangu aliteremka kufungua, kanga kichwani. Akafungua ubawa wa kulia. Nikamwona akiusukuma, nikamwona akiweka jiwe usirudi. Baada ya hapo sikumwona. Nikajua ameshaingia ndani kukimbia mvua. Sikujiuliza ubawa wa kushoto umefunguliwa na nani. Kwangu mimi geti lilikuwa wazi. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D, nikaachia breki, gari likaanza kutambaa.

Nikasikia kishindo kidogo, kama mtu ametua gunia chini. Hakukuwa na ukelele.

Nikakanyaga breki. Wipa zilikuwa zinaenda, na mbele yangu hakukuwa na mtu.

"Mama!" nikaita. "Mama, uko wapi?"

Sauti ikatoka chini, karibu na gurudumu, imetulia kama anayeniagiza chumvi. "Niko hapa. Usiende mbele. Rudisha nyuma, Dereva. Taratibu."

Nikaweka R. Nimewahi kurudisha nyuma lori lenye trela kwenye ghala lenye upenyo wa viganja viwili kila upande. Sijawahi kuogopa kurudi nyuma kama nilivyoogopa leo, hatua tatu tu.

Nilimkuta amekaa kwenye tope, ameegemea ubawa wa kushoto, kanga imeanguka. Bampa lilimsukuma pajani, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshaanza kuvimba na kupinda. Nilitaka kumwinua kwa mkono wangu mbovu, nikashindwa. Akajiinua mwenyewe kwa kushika geti.

Tulikwenda hospitali kwa teksi. Njiani nilimwambia, "Gari liliruka. Umeona? Hii giaboksi itaua mtu."

Akasema, "Halikuruka."

Tukafika. Muuguzi alimuuliza imekuwaje. Akasema, "Niliteleza kwenye tope getini." Muuguzi akasema siku hizi za mvua wameshapokea wengi wa namna hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nikaitikia kwa kichwa.

Mfupa umevunjika. Wamefunga plasta hadi karibu na kiwiko, wiki sita.

Saa kumi binti alipiga simu. Mama yake akamwambia yaleyale, tope, kuteleza. Kisha akanipa simu nimsalimie. Nikamsalimia.

Jumapili, 7 Aprili

Nimepika mimi. Wali umeungua. Alizungusha sahani yangu kwa mkono wake mzima.

Jumanne, 9 Aprili

Sijagusa gari.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwita Sikio nikamwambia alichukue gari gereji, afungue giaboksi yote, mpaka skrubu ya mwisho, anionyeshe ugonjwa. Akasema twende wote. Akaendesha yeye, mimi nikakaa pembeni.

Alilipitisha kila mahali. Kilima cha makaburini, kupanda na kushuka. Barabara ya mashimo. Alisimama, akaondoka, akasimama. Alikanyaga mafuta ghafla, giaboksi ikashuka gia. Alikanyaga kwa upole, ikapanda gia bila mtu kujua. Alisimama mahali tambarare kwenye D akaachia breki, tukatambaa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, akagusa breki kwa kidole cha mguu, tukasimama.

"Kaka," akasema tulipofika gereji, "siwezi kufungua kitu kizima ili nikutafutie kosa."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Alinisimamisha katikati ya uwanja wake, mbele ya ukuta ambapo huegemeza matairi ya kuuza. Akasema, "Nihesabie matairi yale."

Nikadhani ananifanyia mzaha. Nikahesabu kutoka kulia. "Matano."

"Hesabu tena."

"Matano, Sikio. Nimehesabu matairi tangu hujaota ndevu."

Akaja nyuma yangu, akashika kidevu changu kwa vidole vyenye grisi, kama mama anavyomgeuza mtoto amfute uso, akakigeuza kichwa changu polepole kwenda kushoto. Na matairi yakaendelea. La sita, la saba, la nane, la tisa. Yalikuwa makubwa, ya lori, meusi, ukuta uleule, jua likiyapiga.

"Yalikuwapo?" nikamuuliza.

"Yalikuwapo, kaka."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Nikakaa juu ya debe la oili. Sikio akachuchumaa mbele yangu, upande wa kulia. Nimeelewa sasa kwamba alichagua upande huo. Akasema, "Mikwaruzo yote iko kushoto. Giaboksi haichagui upande. Nilitaka kukwambia siku ile nikaona haya." Kisha akauliza, taratibu sana, "Shemeji aliteleza kweli?"

Nikamwambia, "Nipeleke nyumbani."

Hapa nyumbani nimefungua daftari hili tangu mwanzo. Nilikuwa nasoma kama kawaida, mpaka nilipogeuza kichwa kama Sikio alivyokigeuza. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioanzia pembeni. Mistari yangu yote inaanza katikati. Nusu ya kushoto ya kila ukurasa ni nyeupe.

Jumatatu, 15 Aprili

Daktari amenipima kwa taa na vidole na karatasi yenye mistari. Nilitakiwa kukata kila mstari kwa kalamu. Nilikata nusu nikamrudishia nikiwa nimejiridhisha. Anasema macho yangu ni mazima. Kilichoharibika ni mahali kwenye ubongo panaposhughulika na upande wa kushoto. Ndiyo maana sioni giza huko. Mtu anayeona giza anajua kuna kitu hakioni. Mimi huko sikosi chochote, kwa kuwa kwangu hakuna huko.

"Unaendesha gari?" akauliza.

Mke wangu alikuwa ameweka plasta yake mapajani. Alifungua kinywa. Nikajua anakwenda kunisitiri tena, na nikajua nikimwacha safari hii sitaweza kukaa naye meza moja.

"Niliendesha," nikasema. "Nilimgonga mke wangu. Ule mkono ni mimi."

Daktari akaacha kuandika. Mke wangu alitazama dirishani.

"Usiendeshe tena," daktari akasema. "Si mwezi huu, si mwaka huu. Huenda hali isibadilike."

Jioni mimi mwenyewe nilimpigia binti simu. Nikamwambia yote, tangu siku ile alipoleta gari nami nikadanganya kwamba nimeruhusiwa.

"Mlinidanganya wote wawili," akasema.

"Mama yako alikuwa ananisitiri."

"Na wewe, baba?"

"Mimi niliamini ni giaboksi."

"Uliamini kweli?"

Nataka kuandika hapa kwamba niliamini kweli. Lakini kulikuwa na ile sahani. Kulikuwa na Sikio akizunguka gari bila kusema. Kulikuwa na mke wangu anayeshika mkoba kwa mikono miwili. Mtu anaweza kuamini jambo na wakati huohuo akajihadhari asiligeukie.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Gari limefunikwa turubai. Maji yanakusanyika juu yake, mke wangu anayamwaga kwa ufagio.

Jumatano, 1 Mei

Sikio anakuja kila wiki kuwasha injini betri isife. Anaiacha ingurume kwenye P, anapitisha mkono wa gia R, N, D, anarudisha P. Leo aliniambia nikae kwenye usukani niwashe mimi, hakuna madhara. Nikakataa. Nilisimama kibarazani nikageuza kichwa kushoto mpaka nikaliona turubai lote. Najifunza kugeuza kichwa. Dada wa mazoezi amenifunga utepe mwekundu kifundo cha mkono wa kushoto, niutafute kwanza kabla ya kutazama kingine.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekula sahani nzima bila kuzungushiwa. Mke wangu aliona. Alisema tu, "Haya."

Jumatatu, 20 Mei

Plasta imeondolewa. Mkono wake umetoka mwembamba, mweupe kidogo, kama wa mtu mwingine. Aliuweka mezani akafungua na kufunga vidole. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Nataka kujifunza gari."

Nilifurahi. Kusema kweli nilifurahi. "Nitakufundisha," nikasema. "Kwenye otomatiki utaweza, haina—"

"Si wewe."

Kisha akanikumbusha. Mimi kisa hicho nimekisimulia miaka mingi kwenye vituo vya malori na watu wakaangua kicheko: jinsi nilivyomfundisha mke wangu pikapu, akaachia klachi vibaya, gari likazima katikati ya njiapanda mara tatu, honi nyuma, mimi napiga kelele "Klachi, mwanamke, klachi!", mpaka akafungua mlango, akavua viatu, akaenda zake kwa miguu. Watu wanapenda hapo kwenye viatu.

"Nilitembea saa nzima," akasema leo. "Nilikuwa na mimba ya kitindamimba wetu, miezi mitano. Wewe ulipitia kwa rafiki zako ukarudi jioni. Hukuniuliza nilifikaje."

"Ulikuwa umekasirika..."

"Hukuniuliza."

Ni kweli. Sikumuuliza. Nilimuuliza leo, baada ya miaka ishirini na minane. Akaniambia: alikaa mara mbili chini ya ukuta, mwanamke mmoja asiyemjua akampa maji. Alizungumza kama anayesoma orodha ya sokoni. Nikaomba msamaha, wa siku ile na wa getini. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha.

Jumatatu, 3 Juni

Ameanza shule ya udereva. Mwalimu wake ni mama mmoja mnene mwenye miwani, sauti haipandi hata kidogo. Siruhusiwi kuwasindikiza.

Alhamisi, 6 Juni

Manyunyu. Amerudi, amekaa kibarazani. Nikamuuliza vipi. "Mwalimu anasema ningekuwa na klachi ningekuwa nashughulika na miguu. Sasa nashughulika na barabara."

Miaka yote nilidhani klachi ndiyo udereva wenyewe.

Jumatatu, 17 Juni

Leo mke wangu ameniruhusu kupanda. Nilikaa kushoto kwake. Niliahidi kunyamaza na nikanyamaza, mikono nimeikalia.

Anaendesha tofauti na mimi. Hagombani na giaboksi. Kwenye kilima cha makaburini alikanyaga mafuta kidogo mapema, akayashikilia palepale, giaboksi ikashuka gia ya pili na kubaki hapo hadi juu. Zile kwikwi zote nilizoandika mwezi wa tatu zilikuwa za mguu wangu wa kulia, unaokanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Hakujua kwamba amefanya jambo. Alikuwa anaangalia ng'ombe kando ya barabara.

Tulipoanza kushuka upande wa pili, breki zikaanza kunuka. Nikasema, "Naomba niseme kitu kimoja."

"Kimoja."

"Kwenye mteremko mrefu usiziachie breki kazi yote, zikichemka hazishiki. Vuta mkono kutoka D hadi 2. Giaboksi yenyewe italizuia gari."

Akavuta. Injini ikapaza sauti, naye akashtuka. "Inalia!"

"Inalia kwa kuwa inafanya kazi. Sasa ondoa mguu kwenye breki, usikie."

Akauondoa. Gari likashuka mlima mzima kwa mwendo uleule, limejizuia. Akaanza kutabasamu nusu ya mteremko. Tulipofika chini akasema, "Kumbe una la kufundisha usipopiga kelele." Hiyo naiandika kama alivyoisema.

Jumatatu, 24 Juni

Mke wangu amepata leseni, ya otomatiki tu. Kwenye ofisi hiyohiyo, dirisha hilohilo, nilitoa yangu. Karani kijana akauliza, "Imeisha muda, mzee?"

"Hapana. Nairudisha."

"Imeharibika?"

"Ni nzima. Mimi ndiye nimeharibika kidogo."

Hakujua atumie fomu gani. Alikwenda kuuliza nyuma, akarudi na mkubwa wake, naye hakujua. Mwishowe wakanipa karatasi tupu niandike maelezo. Nilitafuta utepe mwekundu kwanza, nikaanzia ukingoni kabisa wa kushoto, nikaandika hadi mwisho wa mstari. Mke wangu alisoma juu ya bega langu. Aliniwekea mkono mgongoni, ule uliovunjika, akauacha hapo mpaka nikasaini.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya nane bila mvua. Asubuhi amekwenda kwa dada yake mkubwa, mwendo wa saa tano. Mwaka wa kumi na moja hawajaonana. Nilikuwa ninapita mji ule karibu kila mwezi na lori, na kila mara nilisema nitamchukua safari ijayo. Leo amekwenda peke yake. Nilifungua geti mimi, mbawa zote mbili.

Aliniachia chakula kwenye sufuria na maagizo ya dawa yameandikwa kwa herufi kubwa. "Nitarudi Jumapili, Dereva."

Saa nane alipiga simu kwamba amefika. Nilimuuliza giaboksi imekwendaje. Akasema hakuisikia kabisa.

Jumapili, 30 Juni

Nimefagia kibaraza. Nimechemsha chai ya watu wawili saa kumi, saa ambayo angekuwa karibu kufika.

Alipiga saa kumi na robo. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kicheko, pumzi haijamrudia. Akasema dada yake hataki kumwachia, atabaki hadi Jumatano. Akauliza kama nina dawa za kutosha na kama nitaweza.

Ilinijia kusema kwamba chai iko tayari. Ilinijia kusema mambo mengi. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu za namna hii, kutoka kwenye vibanda vya barabarani, vicheko nyuma yangu, Jumapili ikigeuka Jumatano, Jumatano ikigeuka wiki nyingine. Naye kila mara alinijibu neno moja, nikakata simu nikiwa mwepesi.

"Sawa," nikamwambia. "Kaa nao."

Nafikiri alilitambua neno lake. Kisha akasema, "Haya, mume wangu," akarudi kwa dada yake, nami nikabaki nimeshika simu mpaka chai ikapoa.